Mtani wa Baba na Pikapu Iliyoishiwa Pumzi

Wiki mbili zilizopita gari langu lilianza uvivu. Kwenye tambarare linakwenda kwa kusuasua, likifika mlimani linaguna na kutaka kusimama. Nikalipeleka kwa fundi mmoja Kimara, kijana mwenye mikono safi kuliko yangu. Akachomeka kidude chini ya usukani, akakitazama, kisha akaniambia, "Sista, gari halipati hewa ya kutosha, basi." Dakika mbili tu. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yenyewe yalipoanza hayakutaka kuisha, mpaka yule kijana akaniletea kiti na maji ya kunywa. Nadhani alidhani nina matatizo nyumbani.

Sikumweleza kitu. Ni habari ndefu, na yeye alikuwa na magari matatu yanamngoja. Lakini wewe tumejuana siku nyingi, kaa nikusimulie. Ukifika mahali pa kunicheka nicheke tu, mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Tulikuwa tunakaa Goba, enzi zile ambazo ukimwambia mtu wa mjini kwamba unakaa Goba, anakuuliza kama fisi wanawasumbua. Nyumba zilikuwa za kuhesabu, katikati ni mikorosho na mashamba ya mihogo, na barabara ilikuwa moja, ya vumbi jekundu, inapanda na kushuka mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Asubuhi uliamshwa na majogoo, halafu mlio wa watu wakifyatua tofali, halafu kikohozi cha pikapu ya baba. Mama alikuwa mwalimu, aliondoka alfajiri kuwahi shule yake huko Kimara, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa bibi, mama yake baba, aliyekuja kutoka Tabora kwa ziara ya mwezi mmoja na akakaa miaka kumi na moja. Bibi ndiye aliyetupikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaviponda na karanga, na harufu yake ilikuwa inanifuata mpaka darasani. Leo nikiona karanga zinakaangwa barabarani nasimama bila sababu.

Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe iliyoacha kuwa nyeupe zamani. Ilikuwa ya dizeli, kuukuu, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba, lakini ndiyo iliyojenga nusu ya Goba. Ilibeba tofali, mchanga na saruji, Jumapili ikabeba kwaya, na mtu akifiwa ilibeba turubai na viti bila baba kuulizwa mara mbili. Kazi yangu mimi ilikuwa kufuta taa na kioo cha mbele kila asubuhi na kumimina maji kwenye rejeta. Nilikuwa darasa la nne na niliichukua kazi hiyo kama cheo.

Sasa kuna mtu mmoja lazima umjue. Chini kabisa ya mlima, pale barabara ya Goba inapoanza kupanda, palikuwa na gereji ya mabati, na mwenye gereji alikuwa fundi wa Kizaramo, rika la baba, mnene, mpole, mwenye meno meupe na suruali nyeusi kwa oili. Baba ni Mnyamwezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, wakati Wanyamwezi wakija pwani kwa miguu na mizigo kichwani, wakipita kwa Wazaramo. Na utani, kwa aliyelelewa nao, si mchezo. Mtani anakutukana mbele za watu nawe huna ruhusa ya kununa. Anaingia jikoni kwako anakula, anachukua kuku wako anaondoka naye, na unapofiwa yeye ndiye anayekuja kuchekesha waliao.

Kwa hiyo baba hakuwahi kufika gereji ile kwa salamu ya kawaida. Alikuwa akisimamisha pikapu, anatoa kichwa dirishani na kuwatangazia wateja wote wahesabu matairi yao kabla ya kuondoka, maana Mzaramo huyu ana mkono mrefu. Fundi naye anajibu kutoka chini ya gari, bila hata kutoka, kwamba afadhali Mnyamwezi kanunua pikapu, maana kichwa chake kilikuwa kimeshaota sugu kwa kubebea mizigo ya watu. Walitukanana hivyo huku wakisaidiana kufungua nati. Mimi nilikuwa nakaa ndani ya gari nakula kitumbua nilichonunuliwa na fundi, nikidhani ndivyo watu wazima wote wanavyopendana. Sikuwa nimekosea sana.

Twende kwa bibi. Bibi alikuwa na ugonjwa wa vitambaa. Alifuma usiku na mchana, na kitu chochote kilichosimama mahali pamoja kwa muda alikivalisha. Redio ilikuwa na kitambaa chake, makochi yote yalikuwa na vyao, mtungi wa maji, chupa ya chai, hata sanduku la baba la spana lilishonewa kifuniko chenye maua. Vumbi lilikuwa adui yake mkubwa, na kwa kuja Goba alikuwa amefika makao makuu ya adui. Kiangazi kile kilikuwa kikali. Magari ya mchanga yalikuwa yanapita kutwa nzima na vumbi lilikuwa linatua mpaka ndani ya sukari.

Jumamosi moja baba alikuwa anasafisha chujio la hewa la pikapu, lile duara la karatasi ambalo injini inavutia pumzi. Alilipigapiga chini, na vumbi lililotoka lilitosha kujaza sahani. Bibi aliona. Alishika shavu, akauliza hilo vumbi lote lilikuwa tumboni mwa gari, baba akasema ndiyo mama. Akauliza gari linapumulia wapi, na baba, kwa kumfurahisha tu, akamwonyesha mdomo wa bomba lililojificha nyuma ya taa ya mbele, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii vizuri. Nilimwona bibi akiutazama ule mdomo kwa huruma.

Siku ya tatu kitambaa kilikuwa tayari. Alichukua kaniki nzito, akaikunja mara mbili, akaizungushia lastiki pembeni na kuifumia ukingo wa uzi wa njano, maana kitu cha bibi hakikosi urembo. Aliniita kwa sauti ya chini. Mkono wangu ulikuwa mdogo, ukapita nyuma ya taa bila shida, nikakivalisha kile kitambaa kwenye mdomo wa bomba, lastiki ikabana vizuri. Bibi akanipa kazi rasmi: kila Jumamosi nikitoe, nikifue, nikirudishe. Tulikubaliana tusimwambie baba, tumshangaze. Atakapofungua chujio lake akute safi, ndipo tumwambie.

Jumamosi ya kwanza nilikifua. Ya pili nilikifua. Ya tatu tulikuwa na mechi ya rede na watoto wa ng'ambo ya bonde, na bibi aliponiuliza nikasema nimeshafua. Baada ya hapo, ndugu yangu, uongo unajiendesha wenyewe. Kila Jumamosi aliniuliza, kila Jumamosi nilijibu ndiyo bibi, na yeye aliniamini kwa sababu hakuwahi kuwa na sababu ya kutoniamini.

Pikapu ilianza kuchoka taratibu. Mwanzoni baba alilalamika kwamba haivuti kama zamani. Mlima ambao ilikuwa ikiupanda kwa gia ya pili ikataka ya kwanza, kisha hata ya kwanza ikawa ya kubembeleza, na nyuma moshi mweusi mzito, watu wa kando ya njia wanafunika pua. Baba alilipeleka gari kwa mtani wake na mimi nilikuwepo, nimetoka shule. Fundi alilizunguka, akalipiga resi, akautazama moshi, akaanza kazi yake ambayo mpaka leo naiona ilikuwa kazi nzuri. Alianza na rahisi. Alifungua chujio la hewa, akalitoa, akalitazama kwenye mwanga, na uso wake ukang'aa. "Mnyamwezi leo umejifunza usafi," alisema, na akalirudisha. Hewa akaiondoa kwenye hesabu.

Mimi nilikuwa nimekaa pale, nikafurahi. Hicho ndicho ninachotaka uelewe. Nilisikia chujio ni safi, nikajua kitambaa cha bibi kinafanya kazi, nikajisikia fahari. Haikunijia kabisa kwamba kilichozuia vumbi kingeweza kuzuia na pumzi.

Fundi akaenda kwenye mafuta. Alibadilisha chujio la dizeli, akatoa upepo kwenye mabomba, akamwaga maji yaliyojikusanya chini ya tangi. Akainua magurudumu kuona kama breki zinashika, akajaribu klachi kama inateleza. Kila alipomaliza jambo baba alipanda mlima na kurudi akitikisa kichwa, na fundi alilifungua tena lile chujio la hewa, akalikuta safi, akaliruka tena. Mwishoni akasema itakuwa nozeli, zile zinazorashia dizeli ndani ya injini, maana moshi mweusi ni dizeli isiyoungua. Akazifungua, akazipeleka mjini kupimwa kwenye mashine, akarudi nazo, akazifunga. Gari likawa lile lile. Baba alisema limekuwa baya zaidi.

Huenda lilikuwa baya zaidi kweli, maana kitambaa nacho kilikuwa kinazidi kujaa vumbi kila siku. Na wiki ile ile kulikuwa na msiba juu mlimani, pikapu ilibeba viti na turubai, ikakwama katikati ya mlima mbele ya watu. Waombolezaji walishuka wakabeba viti vyao vichwani. Baba alirudi nyumbani, hakula. Dereva mwenzake mmoja alikuwa amemnong'oneza kwamba mafundi wa siku hizi ukiwaachia nozeli nzuri wanakurudishia mbovu, na neno hilo lilimwingia mahali ambapo siku nyingine lisingepita.

Kesho yake alinichukua shuleni, tukaenda moja kwa moja gereji. Hakutoa kichwa dirishani. Alishuka, akasimama juu ya fundi aliyekuwa amechuchumaa, akamuuliza nozeli zake kazipeleka wapi. Fundi akasema amezipikia mchuzi wa nazi, zilikuwa tamu. Watu waliokuwepo wakacheka. Baba hakucheka.

"Nakuuliza mara ya mwisho," baba alisema. "Zangu umeuza, umenifungia mbovu. Wewe ni mwizi."

Fundi aliendelea kutabasamu kidogo, akisubiri baba aangue kicheko. Nilimwona akisubiri. Kisha tabasamu likatoka, akasimama, akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, mpaka nikatamani aache. "Samahani, mzee," alisema. "Kama umeona hivyo, tafuta fundi mwingine akusaidie."

Walikuwa rika moja, na hakuwahi kumwita baba mzee. Neno lenyewe lina adabu tele, lakini pale gereji liliumiza kuliko matusi yote waliyowahi kupeana. Tukapanda mlima kwa gia ya kwanza, mimi nimeshika begi langu la shule mapajani.

Mlima una masikio. Siku mbili hazikupita Goba nzima ikajua kwamba yule Mnyamwezi, mtu wa kanisani, mtu wa misiba, amemkamata fundi kwa wizi. Watu walijua utani wao, na ndiyo maana waliamini: kama mtani wake mwenyewe amefika mahali pa kulisema bila kucheka, basi ni kweli. Magari mawili yaliyokuwa gereji yaliondolewa. Wanawake wa bombani walianza kukumbuka vitu vilivyowapotea miaka ya nyuma. Mtu wa gereji anaishi kwa jina lake, si kwa spana, na jina la fundi lilikuwa linatoka hivi hivi tukiona. Baba naye alipeleka pikapu kwingine, akaambiwa injini imezeeka, auze. Akaanza kutafuta mnunuzi.

Wiki iliyofuata nilikuwa napita pale chini na wenzangu, nikaangalia upande mwingine kwa aibu. Fundi akaniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza miguu ya bibi inaendeleaje. Gereji ilikuwa tupu. Alikuwa amekaa juu ya tairi, hana cha kufanya.

"Hivi huko kwenu juu wameweka lami?" aliniuliza.

Nikasema hapana, ni vumbi tupu.

"Basi kuna kitu kinanisumbua. Mie lile chujio la hewa nimelifungua mara tatu. Safi, halina hata chembe. Nikafurahi, nikaliruka." Alikuna kichwa. "Sasa vumbi la Goba lote lile linakwenda wapi?"

Hakuwa ananituhumu. Gari halikuwa lake tena, mwenye gari alikuwa amemwita mwizi mbele za watu, na yeye bado alikuwa anatafuta ugonjwa wake, maana hakujua kuiacha kazi nusu. Nilijua vumbi linakwenda wapi. Nikaaga, nikapanda ule mlima mbio, begi linanipiga mgongoni.

Pikapu ilikuwa uani, baba hayupo. Nikapitisha mkono nyuma ya taa. Kitambaa hakikutaka kutoka, nikakivuta kwa kucha. Kilikuwa kizito, kimekauka, kaniki haionekani, ukingo wa njano umekuwa mwekundu. Umande wa asubuhi na vumbi la kutwa vilikuwa vimekikandika kama ukuta wa udongo. Nilipuliza, hata pumzi yangu haikupita.

Nitakuambia ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa chooni. Nikitupe kwenye shimo, nikae kimya. Gari lingepona lenyewe, baba angefurahi, bibi asingejua kwamba nilimdanganya Jumamosi zote zile. Nikaenda kwa bibi nikiwa nimekificha nyuma, nikalia, nikamweleza yote, nikamwomba anisaidie kukitupa. Alikuwa anapepeta karanga. Aliuweka ungo chini, akakipokea, akakigeuza mkononi muda mrefu.

"Tukikitupa gari litapona," bibi alisema. "Na yule fundi, mtoto wa watu, atapona kwa dawa gani?"

Akaniambia nisilie, kitambaa ni chake, alikishona yeye kwa ujinga wake, mimi kosa langu ni uongo na hilo tutalimaliza baadaye. Na alilimaliza, usidhani. Lakini jioni ile alikaa na mimi barazani, kitambaa mapajani, tukamngoja baba wote wawili.

Baba alisikiliza akiwa amesimama. Bibi ndiye aliyesema, mimi nikaongeza habari ya Jumamosi. Nilitegemea kofi. Hakunigusa. Alikwenda kuwasha pikapu, akaikanyaga mafuta, ikanguruma ule mngurumo wa zamani tuliokuwa tumeusahau, bila moshi. Akaizima haraka, akabaki ameshika usukani. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akiwa na hofu. Alimuuliza bibi atasemaje, na bibi akamjibu kwamba kusema si kazi, kazi ni kwenda.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baba alivaa shati la kanisani. Bibi alikamata jogoo, akamfunga miguu, maana mtani anapokosewa haendewi mikono mitupu. Tukashuka wote watatu kwa pikapu. Pale gereji fundi alisimama, akatuambia karibuni, akamwamkia bibi, akamgeukia baba. "Karibu mzee, nikusaidie nini?" Baba alifungua mdomo mara mbili. Mwishowe alimkabidhi kile kitambaa.

Fundi alikiangalia. Akakinusa, akakiweka mdomoni mwake akapuliza, akakiangalia tena. Bibi akaanza kueleza, akafika kwenye habari ya kulihurumia gari kwa kula vumbi, na nikaona mabega ya fundi yanatikisika, sikujua kama ni kicheko au kilio. Akasema hata kingefuliwa kila siku bado kingeibana injini, ile nguo ni nzito mno. Kwa hiyo mtoto msimlaumu sana. Nilimpenda kwa neno hilo na nampenda mpaka leo.

Halafu alimtazama baba. "Jogoo nitamla," alisema, "lakini hatoshi. Wewe ulinitukana mbele ya watu bila utani. Sasa kifunge hiki usoni, pua na mdomo. Babu zako walitoka Tabora kwa miguu, wewe kupanda hapo tu kutakushinda? Mie nitakuja nyuma na pikapu yako. Na atakayekuuliza, umjibu."

Nilidhani baba atakataa. Alikuwa mtu wa heshima zake, mtu wa kusimama mbele kanisani. Alichukua kile kitambaa kichafu, na ukingo wake uliokuwa wa njano, akajifunga usoni kwa kamba.

Hivyo ndivyo tulivyopanda mlima wa Goba Jumamosi ile. Mbele baba, shati jeupe, kitambaa cha bibi usoni, anakohoa vumbi. Nyuma pikapu kwa mwendo wa konokono, fundi kashika usukani, anapiga honi kila nyumba. Mimi na bibi pembeni yake, jogoo miguuni. Watu walitoka wote, wa bombani, wa dukani, waimba kwaya wenzake. Walipomuuliza fundi kuna nini, aliwaambia waongee na Mnyamwezi mwenyewe. Na baba alikishusha kitambaa kidogo, akasema: nilimwita mtani wangu mwizi, si mwizi, gari lilizibwa nyumbani kwangu. Halafu anakipandisha, anaendelea. Nyumba za kwanza alisema kwa sauti ya chini. Baadaye hakungoja kuulizwa, alikuwa anaigeukia nyumba na kusema, hata ile ya bubu mwenye mikorosho.

Katikati ya mlima bibi alimwambia fundi asimamishe. Akashuka, na miguu yake ile, akasema kitambaa ni chake na yeye atatembea. Alipiga hatua nne. Fundi alishuka mbio, akamshika mkono, akamrudisha ndani, akamwambia mama usiniletee laana, mie nina ugomvi na mwanao tu.

Pale juu, karibu na kwetu, baba aliishiwa pumzi. Alikaa chini kandokando ya barabara, kifua kinapanda na kushuka. Fundi akazima gari, akamwendea, akamuuliza kama hapo anapata nguvu. Baba akatikisa kichwa. "Basi na mie tangu uniite mwizi nilikuwa hivyo hivyo," fundi alisema. Baba alianza kulia. Mtu mzima, kitambaa usoni, analia mbele ya Goba nzima. Fundi alikaa kando yake kwenye vumbi, akamfungua kile kitambaa, akamfuta uso kwa mkono wake wenye oili, akauacha mchafu kuliko ulivyokuwa. Kisha akatugeukia akasema, "Mwoneni Mnyamwezi, analia, na leo hata mzigo hajabeba."

Mlima mzima uliangua kicheko. Na baba, na kamasi zake, alimjibu kwamba Mzaramo ameendesha gari la watu dakika ishirini, sasa kahesabuni matairi. Bibi alicheka akajifunika khanga usoni. Jogoo alipikwa siku ile ile kwetu, na fundi alikula mapaja yote mawili. Wiki iliyofuata gereji ilikuwa na magari matano.

Leo Goba ina lami mpaka kwenye vichochoro. Mikorosho imekwisha, kuna kuta na mageti, na majirani zangu ni watu wema ambao tunasalimiana habari za asubuhi kupitia vioo vya magari. Sijui kabila la hata mmoja wao, na wao hawajui langu. Hakuna anayemkosea mwenzake adabu. Pale palipokuwa na gereji wamejenga maduka ya ghorofa mbili.

Bibi alipofariki, fundi alikuja Goba alfajiri, akalala njiani mbele ya jeneza, akakataa kutoka. Akasema huyu bibi hazikwi mpaka aahidi kwamba huko anakokwenda hatawashonea malaika vitambaa vya pua. Tulicheka huku tunalia, na ndipo nilipojua kwamba nitaweza kuimaliza siku ile. Miaka kadhaa baadaye fundi naye akatutoka, wakamzika kwao Kisarawe. Baba alikwenda, mgonjwa alivyokuwa, akamtukana mtani wake kaburini mpaka sauti ikamkauka, na alirudi nyumbani akalala siku mbili.

Mwaka uliopita tumemzika baba. Watu walikuja wengi mno, magari yalijaa mpaka barabara kuu. Wote walivaa vizuri, walizungumza kwa sauti ya chini, walimsifu mmoja baada ya mwingine kwa heshima kubwa. Nilisimama pale kaburini, nikawa natazama nyuma ya watu, nasubiri. Hakuna hata mmoja aliyemtukana.